Mstari wa Mama Yako Niliujaza Mimi

Furaha mama,

Mambo ya koti, pasipoti na vidonge vya malaria tumeshayagombania wiki nzima, kwa hiyo humu hutayakuta. Umeenda parokiani, wanakwaya wanataka kukuaga, na nawajua maman wa kwaya ile, mpaka wote wamalize kukukumbatia itakuwa jioni. Mimi nimebaki hapa nyumbani Evere, kwenye meza ya jikoni, na kalamu yako ya kijani. Nilitaka kukuambia haya kwa mdomo. Jumatatu nilijaribu, nikakohoa, nikashika kifua, ukadhani nina kiungulia ukanipa dawa. Nikainywa. Bon, sasa ninaandika.

Ninaandika kwa Kiswahili cha shule, kile mapadri walichotutia kichwani kwa fimbo. Kile chetu cha nyumbani kinanipeleka haraka kwenye mzaha, na leo mzaha siutaki.

Unakumbuka wiki iliyopita uliponiketisha hapa ukasema unataka kujaribu maswali yako ya utafiti kabla ya kwenda nayo Kivu? Ukaniuliza, papa, jana tangu uamke mpaka ulale ulikula nini na nini. Nikakujibu vizuri sana. Asubuhi mkate na chungwa, mchana wali, samaki na saladi, jioni maharagwe na mboga ya sombe. Ukaandika, ukahesabu aina za vyakula, ukacheka ukasema ninakula vizuri kuliko wanafunzi wote wa chuo chenu cha Woluwe. Furaha, ulikuwa uongo. Ulikuwa umelala kwa rafiki yako, hukuniona. Siku ile nilikunywa kahawa nikala mkate wa juzi, na jioni nikaula tena mkate uleule na jibini. Chungwa nililitaja kwa sababu lilikuwa mezani mbele yangu nikiliona.

Hakuna aliyenilazimisha. Mtu aliyeshika karatasi akikuuliza ulikula nini, aibu inakushika, unamtajia chakula cha mtu mwenye heshima zake. Na wewe ni binti yangu wa kuzaa. Sasa fikiria mzee wa kule mlimani, mbele ya msichana aliyetoka Ulaya, majirani wamesimama nje wanasikiliza.

Lakini si uongo huo unaonikosesha amani. Ni swali lenyewe. Mimi niliwahi kuliuliza, karibu neno kwa neno, kwenye kilima hichohicho unakokwenda, kabla hujazaliwa.

Umekua ukijua kwamba papa alikuwa mwalimu. Ndivyo walivyoniita, Mwalimu, ila darasa sikuwahi kushika. Daktari mmoja mgeni alitafuta vijana waliosoma, wawe wakipita nyumba kwa nyumba wakifundisha watu kuchanganya vyakula. Nikapewa baiskeli, utepe wa kupimia mkono, na picha kubwa ya kitambaa yenye kuku, yai, samaki, maharagwe, ndizi na mboga. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nikiitundika ile picha kwenye ukuta wa kanisa baada ya misa, nawaambia wamama kwamba bugali wa mihogo peke yake unajaza tumbo tu, mwili unabaki unadai. Nilisema vizuri. Watu walipiga makofi. Ningekuonyesha nilivyokuwa nikitembea siku zile, ungecheka mpaka chini.

Na kilima chetu hakikuwa kilima cha njaa, hilo ulielewe kabla hujafika. Ndizi zilikuwepo, maharagwe, viazi vitamu, kuku wakipita mlangoni. Ila maharagwe mengi yalipanda lori kwenda sokoni Bukavu. Kuku na mayai yake, na nyama ya mbuzi, kwetu wanawake hawakula. Koko yako, mamangu mzazi, alifuga kuku maisha yake yote na ameingia kaburini hajui ladha ya yai. Na mke mpya aliyeolewa hakula na watu. Alikaa jikoni nyuma ya mama mkwe, akapokea kilichobaki, na kilichobaki ni bugali na sombe, majani ya muhogo, leo hivyo, kesho hivyo. Mapadri walihubiri dhidi ya mambo hayo. Watu waliitikia amina wakarudi nyumbani.

Mama yako Nabintu aliingia kwenye nyumba hiyo akiwa na miaka kumi na minane. Nimekuambia alikuwa mchangamfu, na hilo si uongo. Alikuwa anaimba anapotwanga mpaka koko yako anamwambia apunguze. Sikukuambia alivyokula.

Kila asubuhi kabla sijapanda baiskeli, mamangu alinichemshia mayai mawili. Alikuwa anayamenya yeye mwenyewe, ananiletea sebuleni na chumvi pembeni. Mwanaye ana kazi ya daktari, anatembea milima, lazima ale. Nami nilikula. Mama yako alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka kiti changu, na maganda alikuja kuyachukua yeye akayatupe. Alors, niambie, mtu anayefundisha kilima kizima habari za yai anawezaje kula namna hiyo kila siku? Nilikuwa naona. Sitasema sikuona.

Mimba yako ilipofika mwezi wa tano alianza kuchoka. Alikuwa anasimama katikati ya njia ya kisima, anashika mti. Koko yako akasema wasichana wa siku hizi wavivu. Siku moja nilirudi mapema kwa ajili ya mvua, nikamkuta anafuta matope kwenye ile picha yangu, ameitandaza mapajani, anaifuta polepole kwa kitambaa chenye maji. Hakuinua macho. Akaniuliza kwa sauti ndogo, koko yako asisikie:

“Ile mayai unaonyeshaka wamama ku kanisa, ni ya wamama wa wapi?”

Hakuwa na hasira, Furaha. Alikuwa anauliza kweli. Mimi ndiye niliyekasirika. Nilimwambia asinifundishe kazi yangu, na kwamba mambo ya jikoni ni ya mama, amwulize mama. Nikamnyang'anya picha. Ningeweza kuchukua yai moja kati ya yale mawili nikampa kwa siri, nyuma ya nyumba, dakika moja. Nilifikiria kufanya hivyo, na niliogopa mamangu ataniona na watu watasema Mwalimu ametawaliwa na mwanamke. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimetafuta nyingine kubwa zaidi ya hiyo miaka mingi, sikuipata.

Baadaye daktari akataka karatasi. Kila nyumba, kila mtu mzima kwenye mstari wake, alikula nini jana, mkono wake una unene gani, ndani ya jicho rangi gani, na mwisho neno moja la hali yake. Nikazunguka wiki tatu. Kwenye kila nyumba nilimwuliza mwenye mji, baba wa nyumba, naye akajibu kwa ajili ya wote. Tulikula bugali, maharagwe, samaki. Nani alikula samaki? Sote. Nikaandika sote. Wake wa watu niliwapima mikono bila wasiwasi, waume zao wamesimama hapo.

Nyumba yetu niliiacha ya mwisho. Mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa nimechoka. Kuingia jikoni kumpima mke wangu mkono na kumfunua jicho mbele ya mamangu sikuweza. Wewe umekulia huku, utaona ni upuuzi. Kwetu mume hamshiki mkewe mbele ya mama yake, hata kumtoa mwiba. Ningeweza kumwita sebuleni. Sikumwita. Nilijiambia, nyumba yangu, sijui tunachokula? Nikajaza mstari wake nikiwa kwenye kiti. Bugali, maharagwe, mayai, samaki, ndizi. Mkono nikaukisia. Jicho, jekundu. Hali, nzuri. Niliandika nilivyokula mimi, nikaweka jina lake.

Ulizaliwa wiki sita baadaye, asubuhi, na damu haikukatika. Tukambeba kwenye kipoyi, machela ya miti, wanaume wanne, mimi nikakimbia mbele na wewe kwenye blanketi. Kwenye zahanati sista alimfunua kope la chini. Kulikuwa kweupe kabisa, hata mtu asiyesoma angeona. Sista akageuka akauliza nani alimpima mara ya mwisho. Nikasema mimi. Hata pale nilidanganya, maana sikuwahi kumpima. Kabla ya saa sita alikuwa amekufa.

Najua utakachosema, umesoma. Utasema wanawake wanavuja damu hata waliokula vizuri, utasema zahanati ilikuwa mbali, utasema papa huwezi kujua. Ni kweli siwezi kujua. Nimejiambia maneno hayo mara nyingi mno, na kuna siku yananisaidia mpaka jioni. Lakini angepimwa, pengine angeteremshwa Bukavu mapema, angepewa dawa ya kuongeza damu. Karatasi ilikuwepo kwa ajili hiyo, na mimi niliijaza kwa uvivu na aibu.

Sasa kuna jambo ambalo ni gumu zaidi kuliandika, na nimeshainuka mara mbili kuangalia kama basi lako limefika. Karatasi zangu zilimfurahisha daktari. Zilikuwa safi, hazina hata mstari mmoja mtupu. Akasema kijana huyu ana kichwa, akaandika barua huko na huko, na mwaka uliofuata nikapata basi ya kusoma Ubelgiji. Nisamehe, bourse, ufadhili, nimechanganyikiwa hata kuandika. Mstari wa mama yako ulikuwa humo. Sikumwambia mtu autoe. Nilifika stesheni ya Gare du Nord na sanduku la mbao, nikasimama mbele ya yale majengo marefu, na jambo la kwanza nililolifikiria lilikuwa mstari ule. Kisha nikatafuta tramu. Masomo yenyewe hukuyaona matunda yake, uliona nimeishia kwenye nyumba ya wazee nikibeba chakula. Watu wa kwetu wanasema papa wa Furaha alikosa bahati. Ukweli ni kwamba kila nilipofika kwenye somo la kuhoji watu, kalamu ilikuwa inanishinda. Niliacha mwenyewe.

Wewe ulibaki kwa mama mdogo wako Cibalonza, mdogo wa mama yako. Alikuwa na miaka kumi na sita. Alikulea mpaka ukafika umri wa shule, kisha nikaja nikakuchukua, na alilia siku ile akiwa amekaa chini barabarani. Nimekuambia siku zote kwamba mimi na yeye hatusemezani kwa sababu ya ng'ombe wa mahari. Hakuna ng'ombe, Furaha. Mahari ilishalipwa yote. Siku ya mazishi alisimama mbele ya watu wote, mtoto wa miaka kumi na sita, akasema dada yake amekufa na njaa ndani ya nyumba yenye mayai. Wajomba wakamtoa nje, wakasema ana huzuni inamsumbua. Nami nikawaacha wamtoe.

Ukakua ukisikia kwamba mama mdogo ana moyo mgumu. Nilikufundisha hivyo mimi. Barua zake alizokuandikia ulipokuwa mdogo nilizisoma kwanza, na mbili sikukupa. Zipo kwenye bahasha iliyoambatana na hii. Hazina kitu kibaya. Anauliza unakula nini.

Nilipokuja kufanya kazi kwa hawa wazee, siku ya kwanza mkuu wa wauguzi, Mflamand mmoja asiyecheka, alinipitisha kwenye vyumba wakati wa kukusanya sinia. Kulikuwa na bibi kizee mmoja, kila siku anasema nimekula vizuri sana, asante. Mkuu akainua kitambaa cha mezani, akanionyesha nyama yote iko chini yake. Akaniambia kwamba hapa hatuulizi, tunaangalia sinia linaporudi. Nilikwenda chooni nikakaa humo robo saa. Wengine wanafunzwa jambo hilo kwa sekunde moja, na mimi lilinigharimu mke.

Kwa hiyo hilo nakuachia, si kama ushauri wa papa, ni kama mtu anayekuonyesha shimo alipotumbukia. Ukiwa kule usimwulize mwenye mji. Ingia jikoni. Kaa kwenye kigoda, saidia kuchambua sombe, moshi ukuingie machoni, ungoje mpaka mama mkwe atoke kwenda kuleta kuni. Hapo ndipo mke mpya atakuambia. Na umwulize pia vya njiani, maana hivyo hawavihesabu, wanaona haya. Mapera ya porini, kumbikumbi wakati wa mvua, kiazi alichochoma shambani bila kuonekana. Mama yako nafikiri aliishi kwa hivyo. Vijana wa kiume nao usiwaamini kwa vifua vyao, wengi wanashindia pombe ya ndizi na maandazi ya sokoni, wanaonekana wazima mpaka siku wanapougua. Ulinijibu vizuri pale nilipokuuliza kwa nini usiende kupima watoto kama wenzako. Ulisema watoto wanapimwa, wazee wanahurumiwa, hawa wa umri wako wanaitwa wenye nguvu na hakuna anayewatazama. Nilitazama pembeni uliposema vile. Mama yako alikufa akiwa mdogo kuliko wewe.

Kuna jambo moja silijui, na silifichi. Utakapofika watachinja kuku. Lazima, umetoka Ulaya, wewe ni mtoto wao. Watakuwekea paja na firigisi mbele yako, na wasichana wa rika lako waliompika watabaki jikoni. Ukikataa utawavunjia heshima wazee, na hawatakufungulia mlango tena. Ukila utakuwa umekaa kwenye kiti changu. Ukiwaita wasichana waje kula na wewe, kesho wao ndio watakaosemwa kisimani, wewe utakuwa umeshaondoka. Nimeligeuza hili miaka ishirini na zaidi, sina jibu. Nenda ulipate wewe, na ukilipata uniandikie.

Ninaogopa, mama. Redio inasema mambo ya kule si mazuri, wanajeshi wanapora, na kutoka Bujumbura mpaka Bukavu ni barabara. Naogopa hayo kama baba yeyote. Lakini nisikudanganye tena. Usiku wote huu ninaoshindwa kulala, ninachokiogopa zaidi ni ile nyumba ya Cibalonza, kwa sababu unakwenda kulala kwake, na utamwuliza habari za mama yako, na atakujibu. Wiki nzima nimekuwa natafuta sababu ya kukuzuia. Nilikuambia ngoja mwaka mmoja. Nilikuambia kuna kazi hapa Woluwe. Ulidhani ni upendo. Nusu yake ilikuwa upendo.

Ungeweza kufika kule hujui, ukasikia kwake, ukasimama pale ukinitetea kwa nguvu zote kama unavyonitetea hapa mbele ya watu wa parokia. Ungemwambia huyo mwanamke, aliyekunywesha maziwa ya mbuzi kwa kijiko, kwamba ana moyo mgumu. Ndicho nilichokuandaa kufanya. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Nitakupa barua hii uwanjani kesho, na nakuomba uisome ndani ya ndege, kabla hujashuka. Baada ya hapo sijui utaniita nini. Ukitaka kukaa muda bila kuniandikia, kaa. Simu ya parokia ya Bukavu ninayo, nitauliza tu kama u mzima, sitaomba kuongea na wewe.

Juzi ulisema kwa furaha kabisa, ukifunga sanduku, kwamba ukifika jambo la kwanza utamfanya mama mdogo anisamehe. Nakuomba usifanye hivyo. Usimwombee radhi kwa niaba yangu, wala usimweleze kwamba nilikuwa kijana, au kwamba nimelia, au kwamba nimekulea vizuri. Mkalishe, mpe nafasi aseme yote, hata yale niliyoyasahau kwa makusudi. Atanitaja kwa jina langu la zamani, Mwalimu, atasema kwa ukali kuliko nilivyoandika mimi, na atakutazama usoni aone utafanya nini.

Usinitetee.

Papa